Sfoglia
Sfoglia ni kinyunya cha unga wa ngano na mayai kilichosukumwa hadi kikawa chembamba kama karatasi. Neno hili la Kiitaliano limetokana na foglia, yaani jani. Kutengeneza sfoglia huwa somo la msingi katika madarasa ya upishi wa tambi mjini Bologna. Kipimo ni gramu 100 za unga kwa yai 1. Unga hurundikwa ubaoni, ukachimbwa shimo katikati, na mayai yakavunjiwa humo. Hukandwa kwa kiganja kama dakika 10, hadi kinyunya kikibonyezwa kwa kidole kinainuka tena. Kisha hufunikwa nusu saa ili gluteni ilegee. Hatua hii isirukwe kamwe, kwani kinyunya kisichopumzishwa hunywea kila kinaposukumwa. Mwanamke aliyebobea katika kazi hii huitwa sfoglina. Yeye hutumia mti mrefu wa kusukumia na ubao wa mbao, kwa kuwa mbao huiachia sfoglia mikwaruzo midogo inayoshika mchuzi vizuri kuliko ulaini wa mashine. Ikikatwa mikanda huitwa tagliatelle, kutoka tagliare, kukata. Tangu 1972 Chemba ya Biashara ya Bologna huhifadhi kipimo rasmi cha mkanda huo: upana wa milimita 8 ukishapikwa.