Wimbo wa 01, Mwimbaji Hajulikani

Kwa Kikuyu, mugithi ni treni. Pia ni muziki ule wa gitaa moja unaofanya baa nzima ishikane mabega na kwenda kwa mstari kama mabehewa. Sisi wa Sagana tuna haki ya kuringa kidogo hapo, maana reli yenyewe inapita kwetu, ikitoka Nairobi kupitia Thika na Murang'a, kisha Karatina hadi Nanyuki. Lakini muziki wa huku Mlimani umebadilisha chombo mara nyingi kuliko abiria yeyote wa reli hiyo, na kila ulipobadilisha, kuna nyimbo zilizoachwa stesheni.

Chukua Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, 1939. Alianza kurekodi miaka ya 1960, enzi za santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Katikati ya santuri kulikuwa na karatasi ya duara, na juu yake jina la wimbo, la mwimbaji na la kampuni. Halafu ikaja kaseti, ambayo Philips waliitoa 1963. Kaseti iliingia matatu, ikaingia shambani, ikikwama unaizungusha kwa biro. Ilikuwa pia rahisi kuiba: redio ya kaseti mbili ilitosha kutoa nakala, na mwimbaji hakuona hata ndururu. Kwa nakala hizo, jina la wimbo lilikuwa chochote mwenye redio alichokumbuka kuandika.

Halafu CD. Nyingi zilizofika vijijini hazikutoka kiwandani. Mtu aliketi kwa kompyuta mjini, akachagua nyimbo ishirini za watu tofauti, akachoma, akaandika kwa maka: "Za Kitambo 3." Basi. Hiyo ndiyo historia yote iliyo juu ya CD.

Guka yangu ana katoni ya hizo. Redio yake ilipokufa, kazi ya kuzihamisha ilinijia mimi, kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili na sasa naandikia watu vitu kwa malipo, na kwa lugha ya familia hiyo maana yake ni "yule anashinda na kompyuta." Laptopu yangu ni ya mitumba, na ina kitu ambacho mpya hazina siku hizi: mahali pa kuingiza CD. Nilikuwa nimetoa Windows nikaweka Linux Mint, kwa hivyo nilianza kutafuta programu upya.

Kwa Windows, watu makini hutumia Exact Audio Copy. Inasoma kila kipande cha CD zaidi ya mara moja, inalinganisha, na ikiona tofauti inarudia. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu CD ya muziki ina kinga ndogo dhidi ya makosa kuliko CD ya data. Ikiwa na mikwaruzo, mashine hukisia sauti iliyokosekana na kuendelea kama kwamba hakuna kitu. Exact Audio Copy haikutengenezewa Linux, lakini Linux ina cdparanoia, inayofanya kazi kwa wazo lilelile: haiamini CD hata kidogo. Programu nyingine ndogo, abcde, inaiita cdparanoia, inapokea sauti na kuitengenezea faili. Unaandika neno moja, unaenda kupika chai. CD iliyochakaa inaweza kuchukua saa nzima.

Faili za aina gani? Nilichagua FLAC kwa kuhifadhi, kwa sababu inapunguza ukubwa bila kutupa sauti yoyote, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia bure. MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo sikio haliikosi sana. Kwa miaka mingi MP3 ilikuwa na hataza, na ndiyo maana Linux kadhaa zilikuja bila uwezo wa kuicheza hadi uongeze mwenyewe. Mpango wa leseni zake ulifungwa 2017. Redio mpya ya guka inasoma flashi yenye MP3, kwa hivyo yeye amepata MP3, na FLAC zimekaa kwenye diski ya nje. Kwa laptopu nasikiliza na Rhythmbox.

Sasa ngoja. Sauti ilipoingia salama, kila faili ilisema kitu kimoja: Wimbo wa 01, mwimbaji hajulikani. Wimbo wa 02, mwimbaji hajulikani.

CD za muziki kwa kawaida hazibebi majina. Programu huhesabu nyimbo na urefu wake, halafu inauliza hifadhidata kwenye intaneti. Ya kwanza kubwa, CDDB, ilijazwa miaka ya 1990 na watu wa kawaida walioandika majina bure. Baadaye ikawa mali ya kampuni, na wengine wakaanzisha zao za wazi, kama MusicBrainz. Ni kazi nzuri, lakini hifadhidata inajua tu kile ambacho mtu fulani alikaa akakiandika. "Za Kitambo 3" haikuandikwa na yeyote.

Kwa hivyo nilimwita guka. Anasikiliza sekunde kumi, gitaa linaingia, anataja mwimbaji, wimbo, wakati mwingine na mwaka, kwa sababu mwaka huo ng'ombe fulani aliuzwa. Mimi naandika. Ana miaka themanini na mbili.

Si sisi pekee. Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, anayeitwa jina lilelile kama ilivyo desturi yetu na anayefanya muziki kama KMRU, amekuwa akitoa upya nyimbo za babu yake kwenye Bandcamp, kila moja na jina lake. Yeye anabeba hazina ya taifa, mimi nabeba katoni. Lakini kazi ni ileile, na haina programu: mtu anayejua lazima aulizwe akiwa bado yupo.

Tumemaliza CD ishirini na tatu. Nyimbo tisa bado hazina majina. Guka anasema kuna mzee Karatina aliyekuwa akiuza kaseti karibu na soko. Jumamosi tunaenda kumchezea.