Habari za Picha za Jeep, na Faida ya Kuzitunza

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twalijua sote kwa mambo ya fedha, mazao na mifugo. Walakini ni kweli vile vile kwa mambo ya kumbukumbu. Picha nayo ni mali. Na picha isiyoandikwa jina, mahali wala mwaka ni mali bila daftari: mwenyewe akiisha kufa, hubaki karatasi tu. Katika kurasa hizi twataka kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni mfano wa motokaa ndogo ya vita iitwayo Jeep, na wa watu wanaokusanya picha zake na vitu vyake vya kale.

Huenda msomaji akauliza, "Motokaa ya vita yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu kwa njia nyingi. Aliyepata kupanda Landrover katika barabara zetu za matope amepanda mtoto wa Jeep. Maana Maurice Wilks wa Uingereza alikuwa na Jeep katika shamba lake huko Anglesey, akaona jinsi inavyofaa, na gari la kwanza la kujaribia lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Landrover yenyewe ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Tena, kama tutakavyoona, askari wa nchi zetu waliijua Jeep kabla ya hapo. Lakini na tuanze mwanzo.

Mwaka wa 1940 vita vilikuwa vimekwisha kuwaka katika Ulaya. Jeshi la Marekani likatafuta motokaa nyepesi, fupi, yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, ipate kupita mahali ambapo lori haliwezi. Mwezi wa Julai likawaandikia watengenezaji 135, likaweka sharti kwamba gari la kwanza liletwe kwa muda wa siku 49. Karibu wote waliliona sharti hilo kuwa gumu mno. Kampuni ya American Bantam, ya mji mdogo wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, ilikuwa maskini, karibu ya kufilisika. Nayo ndiyo iliyokubali. Ikamwita mchoraji wa mitambo, jina lake Karl Probst, naye akaanza kazi tarehe 17 Julai. Kwa siku chache tu michoro ikawa tayari. Tarehe 23 Septemba, 1940, Probst na mwenzake Harold Crist wakaliendesha gari hilo wenyewe kutoka Butler mpaka kambi ya Holabird katika Maryland, wakafika imebaki nusu saa kabla ya saa ya mwisho iliyowekwa.

Gari likawapendeza wakuu wa jeshi. Lakini waliogopa kwamba kampuni ndogo kama ile haitaweza kutengeneza magari mengi kama yatakiwavyo. Basi wakawaonyesha michoro yake watu wa Willys-Overland wa mji wa Toledo, na watu wa Ford. Mwaka wa 1941 kazi kubwa ikapewa Willys, na baadaye Ford wakaongezwa. Hata vita vilipokwisha mwaka wa 1945, kampuni hizo mbili zilikuwa zimetengeneza Jeep zaidi ya 600,000. Na zile za Bantam hazikufika 3,000. Watu wa Butler wakaachiwa kutengeneza matela ya kukokotwa nyuma ya gari walilolibuni wenyewe.

Haya ndiyo yaliyofuata. Matangazo ya Willys katika magazeti yalisema kwamba ndio walioibuni Jeep. Matangazo yalikuwa mengi, na wa kuyapinga walikuwa wachache, basi watu wengi wakaamini. Mwaka wa 1948 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliwaagiza Willys waache kudai hivyo. Lakini amri haiondoi upesi yaliyokwisha kuingia katika vichwa vya watu. Mwaka wa 1950 Willys wakaandikiwa jina la Jeep kuwa alama yao ya biashara, na jina la Bantam likazidi kusahauliwa. Kama leo tunaweza kueleza habari ya Butler kwa siku zake na saa zake, ni kwa sababu picha zilizopigwa Butler na Holabird wakati ule, na barua na michoro, hazikutupwa zote. Kulikuwa na watu waliozitunza katika makasha yao wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyeziulizia.

Sasa tuseme jinsi wakusanyaji wanavyosoma picha, maana kazi yao si kurundika karatasi. Mkusanyaji mwema huichukua picha kama mwalimu achukuavyo daftari la mwanafunzi, akaikagua. Kwanza hutazama uso wa gari. Jeep za mwanzo za Willys zilikuwa na vyuma vyembamba vilivyounganishwa kwa moto mbele ya rejeta. Tangu mwezi wa Machi 1942 hivi zikawekewa bati moja lililokatwa matundu marefu tisa, kama walivyobuni Ford. Basi mtu akileta picha ya Jeep yenye bati la matundu, akasema ilipigwa mwaka wa 1941, gari lenyewe lamkanusha. Kisha hutazama namba kando ya boneti: namba za jeshi la Marekani kwa magari haya huanza na 20. Tena hutafuta alama iliyochorwa juu ya bampa, ambayo huonyesha gari lilikuwa la kikosi gani.

Kwa vitu vyenyewe ni vivyo hivyo. Ford walipiga herufi F juu ya bolti na vyuma vyao vingi, hata mtu akiokota kipande kilichoshika kutu aweza kujua kilitoka wapi. Mbele ya dereva palikuwa na vibati vyenye maandishi, na kimoja chaonyesha tarehe gari lilipotolewa kwa jeshi. Vibati hivyo, na vitabu vya mafundi, hutafutwa sana. Lakini hapo pana hatari, maana siku hizi vibati vipya hutengenezwa kwa mfano wa vile vya kale. Kumsaidia mtu anayelitengeneza upya gari lake si kosa; kosa ni kukiuza kipya kwa jina la cha kale. Si kila kibati chenye mwaka wa 1943 kilizaliwa mwaka huo.

Tulisema kwamba askari wa kwetu waliijua Jeep. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka wa 1943, na mwaka wa 1944 ikaingia Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar. Ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles, ambao watu wetu waliwaita Keya, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland; na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kusikilizana. Wakashuka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika mvua na tope na homa, wakafika Kalewa mwanzo wa Desemba 1944. Na daraja la chuma likatandazwa juu ya mto Chindwin, urefu wake futi 1,154. Katika tope lile Jeep ilikuwa gari la kuchukulia chakula, risasi na majeruhi. Alama ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru. Kwa hiyo mtu akiona picha ya Jeep ya vita vile yenye kichwa cha kifaru, na ajue kwamba huenda hao waliosimama kando yake ni babu zetu.

Lakini ni babu wa nani? Hapo ndipo penye huzuni. Katika picha nyingi za vita vile afisa hutajwa kwa jina na cheo, na askari wa Kiafrika huandikwa "askari" tu. Mpiga picha aliandika namna ya gari, akaandika jina la mto, asimwulize jina yule aliyekuwa akilisukuma gari kutoka matopeni. Wakusanyaji wa leo waweza kutuambia gari lilitoka kiwanda gani na mwaka gani. Jina la mtu hawawezi kulisoma katika bolti. Huyo aweza kutambuliwa na jamaa zake peke yao, nao wale waliomjua wanazidi kupungua kila mwaka.

Tulinganishe na picha nyingine ya Jeep, ambayo yafaa ielezwe katika kitabu cha Kanisa. Katika vita vya Korea, tarehe 7 Oktoba, 1950, Padre Emil Kapaun wa Jimbo la Wichita, Marekani, aliwasomea askari Misa mahali pa wazi. Altare yake ilikuwa boneti ya Jeep, imetandikwa kitambaa cheupe, na msaidizi wake amepiga magoti chini. Mganga wa jeshi, Raymond Skeehan, akaipiga picha. Mwezi haukuisha, padre akakamatwa pale Unsan, kwa kuwa alikataa kuwaacha majeruhi. Akafa kifungoni tarehe 23 Mei, 1951. Kwa muda wa miaka 70 kaburi lake halikujulikana, hata mwaka wa 2021 mifupa yake ikatambuliwa, ikazikwa katika Kanisa Kuu la Wichita. Mwaka wa 2013 Serikali yake ilimpa nishani iliyo kuu kuliko zote za vita, na mwaka wa 2025 Kanisa likamtangaza kuwa Mheshimiwa. Miaka hiyo yote picha ile ilikuwapo, nayo ilijulikana ni ya nani, ya wapi na ya siku gani. Mapadre wengi walisoma Misa juu ya Jeep katika vita, na picha zao zipo. Lakini zilizo nyingi hazina jina, na atazamaye hawezi kumwombea mtu kwa jina lake.

Basi twajifunza nini? Kwanza, kwamba mkusanyaji aweza kuponya na aweza kuharibu. Wapo wauzaji wanaopata albamu ya askari aliyekufa, wakaikata, wakauza picha moja moja, zile zenye gari kwa bei kubwa, na zile zenye watu tu kwa bei ndogo. Hivyo maneno yaliyoandikwa chini yake hupotea, na ndugu waliokuwa katika ukurasa mmoja hutawanywa. Albamu nzima ni shahidi. Ikikatwa, haishuhudii tena.

Pili, kwamba kazi hii haitaki fedha nyingi. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza, wala usitumie wino, maana wino hupenya. Andika majina kwa taratibu, toka kushoto kwenda kulia, kisha mahali, kisha mwaka. Na kama mwaka haujulikani, andika ni nani aliyekuambia habari, na siku aliyokuambia. Usiibandike kwa gundi. Itie katika bahasha safi ya karatasi, na bahasha katika sanduku la bati, mbali na jua, unyevu na mchwa.

Enyi walimu, kazi hii yawafaa watoto wa shule kuliko watu wengine wote. Kila mtoto na aende nyumbani, aombe picha moja ya zamani, iwe ya Jeep, ya baiskeli, ya kanisa linalojengwa, au ya arusi, ampelekee bibi au babu, amwulize, "Huyu ni nani? Na huyu aliye pembeni?" Na majibu yaandikwe siku ile ile, isingojwe kesho, maana wale wanaoyajua ni wazee.