Dhoruba ya ghafla majini: Tanga hutuliwa kabla upepo haujafika

UPEPO ni mwenyeji wa Singida. Mkoa huo ulio katikati ya Tanzania, kwenye uwanda wa juu ulio wazi, hupulizwa na upepo mkali wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi, na kwa miaka mingi umetajwa miongoni mwa maeneo yanayofaa kwa kufua umeme wa upepo.

Lakini upepo unaotazamiwa kuwasha taa ni hatari kwa wanaoingia majini. Mji wa Singida umepakana na maziwa mawili yenye maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na wilayani Iramba liko Ziwa Kitangiri, ambalo wavuvi hulitegemea kwa perege na kambale.

Maziwa hayo ni madogo yakilinganishwa na Victoria au Tanganyika, na udogo huo huwafanya watu wayadharau. Hata hivyo, maji yenye kina kifupi huchafuka upesi. Mawimbi yake huwa mafupi, yaliyosimama wima na yanayofuatana kwa karibu, hata mtumbwi hukosa nafasi ya kuinuka kabla ya kupigwa na wimbi la pili.

Vyombo vya maziwa hayo kwa kawaida ni mitumbwi na boti ndogo za uvuvi. Elimu ya kukabili upepo kwa chombo cha tanga imehifadhiwa zaidi na manahodha wa majahazi, mashua na ngalawa wa Pwani, lakini mengi katika elimu hiyo humfaa hata mvuvi mwenye kasia.

Dhoruba ya ghafla ni nini?

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) hutofautisha dhoruba ya ghafla na upepo mkali wa kawaida. Katika dhoruba hiyo, kasi ya upepo huongezeka mara moja kwa angalau kilomita 29 kwa saa, ikafikia kilomita 40 kwa saa au zaidi, na kudumu kwa dakika moja au zaidi.

Chanzo chake mara nyingi ni wingu zito la mvua na radi. Mvua inaponyesha hupoza hewa ndani ya wingu; hewa hiyo baridi na nzito huporomoka hadi chini, kisha hutawanyika kwa kasi na kutangulia mbele ya mvua. Kwa hiyo upepo humfikia mvuvi kabla ya tone la kwanza. Mkoani Singida, mawingu ya namna hiyo huonekana zaidi katika msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, hasa nyakati za alasiri.

Jambo linalowaponza wengi ni hesabu ya nguvu. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya tanga haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Tanga lililokuwa likivuta chombo kwa utulivu laweza kukilaza ubavu kwa muda mfupi mno.

Dalili za kuangaliwa

Wingu jeusi lenye ukingo ulioshuka chini, utulivu usio wa kawaida baada ya upepo mwanana, ubaridi wa ghafla, vumbi linalotimka ufukweni na mstari mweusi unaosogea juu ya maji ni dalili za kutosha. Radi nayo hutoa kipimo: kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni takriban kilomita moja.

Dalili hizo zikionekana, tanga hutuliwa wakati huohuo. Nahodha anayesubiri kuupima upepo kwanza hukuta kamba zimekaza, foromali imegoma kushuka na mabaharia hawasikilizani.

Upepo ukishafika

Iwapo chombo kimekutwa tanga likiwa juu, hatua ya kwanza ni kulegeza demani, yaani kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ili upepo umwagike. Ndiyo maana demani haifungwi kwa fundo gumu wakati wa upepo. Hushikwa mkononi au hufungwa kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Wakati huohuo omo huelekezwa taratibu upande upepo unakotoka, lakini si kupita kiasi. Upepo ukiingia mbele ya tanga la pembe tatu hulibana kwenye mlingoti, na kulishusha huwa shida. Kugeuza chombo ili upepo uvuke tezi ni hatari zaidi, kwa kuwa tanga huruka upande wa pili kwa kishindo kinachoweza kuvunja mlingoti au kumtupa mtu majini.

Kisha henza, kamba ya kutweka, hulegezwa na foromali kushushwa. Abiria huketi chini katikati ya chombo, na mizigo hufungwa isihame. Mmoja hufua maji bila kukoma. Amri hutolewa na mtu mmoja tu. Wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tanga likiwa chini, omo huwekwa kuyakabili mawimbi. Pasipofikika kwa nanga, ndoo au kapu lililofungwa kamba ndefu na kutupwa kutoka omo huburuta majini na kukizuia chombo kisilale ubavu kwa mawimbi. Mwenye mtumbwi hufanya vivyo hivyo, huku akiitumia kasia kushika mwelekeo.

Chombo kikipinduka

Kanuni ya kwanza ni kutokiacha. Chombo cha mbao, hata kikijaa maji, kwa kawaida huelea, tena huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mwogeleaji. Wengi hupoteza maisha wakijaribu kuogelea kuelekea nchi kavu inayoonekana karibu.

Hata vyombo vya injini havisalimiki. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na bahari iliyochafuka, na watu wengi walipoteza maisha.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari za upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa. Kuzisikiliza redioni kabla ya kutoka, na kuvaa jaketi la kuokolea maisha badala ya kulikalia, ni kinga isiyohitaji ubingwa. Dhoruba ya namna hii mara nyingi hupita ndani ya saa moja. Samaki watakuwapo kesho. La msingi ni mvuvi naye awepo.