Komba wa Rondo
Komba wa Rondo (Paragalago rondoensis) ni miongoni mwa primati wadogo kabisa duniani, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, anayepatikana Tanzania pekee, katika vipande vya misitu ya pwani vilivyotengana, ikiwemo Pande na Pugu-Kazimzumbwi, iliyo karibu na Dar es Salaam. Jina lake linatokana na nyanda za juu za Rondo, mkoani Lindi, na spishi yenyewe ilitambuliwa kisayansi katika miaka ya 1990.

Asichanganywe na komba mkubwa, yule anayesifika kwa kunywa tembo minazini. Huyu hula wadudu na matunda, huwinda usiku chini ya miti mirefu, na mkia wake mwekundu umejaa manyoya mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Kwa kuwa komba wadogo hufanana mno kwa sura, wataalamu huwatofautisha hasa kwa milio yao, na wa huyu ni wa sauti mbilimbili zinazorudiwarudiwa.

Adui yake mkubwa ni ukataji miti, hasa wa kuchoma mkaa, nishati ambayo jiji la Dar es Salaam, tangu eneo la Kariakoo hadi vitongoji vya mbali, limeitegemea kwa miongo mingi, ingawa msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.