Sweta ya Mtoto na Neno la Zamani



Mwezi wa Januari 2018 kampuni ya mavazi H&M, yenye makao yake Uswidi, ilitangaza sweta ya kijani kwa picha ya mtoto mweusi. Maneno ya Kiingereza kifuani yalimtaja kuwa tumbili mtanashati kuliko wote msituni. Mtoto mzungu, katika nguo za aina hiyohiyo, alivikwa sweta inayomsifu kuwa bingwa wa kuishi porini. Hasira ikawaka. Wanamuziki mashuhuri walivunja mapatano yao na kampuni, na tarehe 13 Januari wafuasi wa chama cha EFF wakavamia maduka yake huko Afrika Kusini. Kampuni iliomba msamaha, ikaiondoa nguo ile.

Kelele zote hizo kwa ajili ya sweta? Mwenye kuuliza hivyo hakuketi na wazee wa Kamalondo. Enzi za Wabelgiji mtaa wetu uliitwa Albert, na kati yake na mji wa wazungu liliachwa eneo tupu kwa makusudi. Mtu aliyesoma, aliyevaa suti na tai, aliweza kuitwa hadharani «macaque», yaani nyani. Suti yenyewe ikageuzwa kuwa dhihaka: eti nyani anaiga.

Wala hayakuwa maneno matupu. Mwaka 1906 Ota Benga, mwana wa misitu ya Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa Kibaptisti ndio waliopinga mpaka akatolewa. Mwaka 1916 alijiua. Tena mwaka 1958, katika Maonyesho ya Dunia ya Bruxelles, ndugu zetu walioketishwa ndani ya kijiji cha maonyesho walirushiwa ndizi na wageni. Walichoka, wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajafungwa.

Sidhani kwamba kampuni ilikusudia kutukana. Hilo laniuma zaidi, maana picha kama ile hupita mikononi mwa wengi kabla ya kutangazwa, na haikuzuiwa. Waliokasirika walikuwa na haki, kwani walitetea sura ya Mungu ndani ya mtoto.

Lakini mtoto huyo alikuwa na mama, mwenye asili ya Kenya, akiishi Uswidi. Yeye alisema kwamba hakuona ubaguzi katika nguo ile. Mimi siafikiani naye. Neno lililotuumiza sisi huenda halikuwahi kutamkwa nyumbani kwao. Hata hivyo alikuwa mama yake, naye alistahili kusikilizwa kwanza. Badala yake alishambuliwa kwa maneno makali, tena na watu waliosema wanamtetea mwanawe. Familia ile ikalazimika kuhama nyumba yake kwa ajili ya usalama, pamoja na mtoto.