Meneja wa Bidhaa na Mmiliki wa Bidhaa: Vyeo Viwili, Nasaba Mbili

Wenzetu wanaokaribia kuhitimu hukutana na vyeo viwili katika matangazo ya kazi: meneja wa bidhaa na mmiliki wa bidhaa. Wakiuliza tofauti, huorodheshewa majukumu, na majukumu yenyewe hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine. Sisi tunaona afadhali kuuliza kila cheo kilizaliwa wapi, kwani havikuzaliwa nyumba moja.

Meneja wa bidhaa ametoka kwenye sabuni. Tarehe 13 Mei 1931, Neil McElroy, kijana wa miaka 26 aliyeshughulikia matangazo ya sabuni ya Camay katika kampuni ya Procter & Gamble, aliwaandikia wakubwa wake waraka wa kurasa tatu. Camay ilikuwa ikishindana na Ivory, sabuni ya kampuni hiyo hiyo, tena iliyokuwa na jina kubwa zaidi. McElroy alitaka kila chapa iwe na watu wake: wachunguze inauzika wapi na wapi imedorora, wajue sababu, wabuni mpango, kisha wafuatilie kama mpango umefaa. Hakuomba mtu wa kusimama kiwandani kuwaelekeza wapika sabuni. Macho yake yalikuwa sokoni. (Mwenyewe hakukosa faida: mwaka 1948 akawa rais wa kampuni, na mwaka 1957 Waziri wa Ulinzi wa Marekani.) Baadaye kampuni za kompyuta nazo zikahitaji mtu wa kuamua kitengenezwe nini na kwa ajili ya nani, zikakirithi cheo hicho.

Mmiliki wa bidhaa ni mdogo kwa miaka 60 hivi, na amezaliwa ndani, miongoni mwa waandishi wa programu. Mwaka 1993 Jeff Sutherland na wenzake katika kampuni ya Easel walianza utaratibu walioupa jina la Skramu, neno la mchezo wa raga walilolikuta katika makala ya mwaka 1986 ya Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka. Mwaka 1995 Sutherland na Ken Schwaber waliueleza hadharani mjini Austin, Texas. Shida waliyokuwa wakiitibu inajulikana na kila aliyewahi kuwa na mabosi watano: kila mmoja anataka lake litangulie. Dawa yao ilikuwa mtu mmoja wa kupanga orodha ya kazi, na Mwongozo wa Skramu, uliotoka mwaka 2010, unasisitiza kuwa awe mtu, si kamati. Ajabu ni kwamba Ilani ya Ajaili, iliyotiwa saini na watu 17 huko Snowbird, Utah, mwaka 2001, haitaji cheo chochote kati ya hivi viwili.

Mgongano ulikuja pale kampuni zenye mameneja wa bidhaa tayari zilipoingia Skramu. Nyingine zilimvika mtu mmoja kofia zote mbili. Nyingine ziligawa: meneja abaki na wateja na soko, mmiliki akae na timu. Mfumo wa SAFe, ulioanzishwa na Dean Leffingwell mwaka 2011 kwa ajili ya mashirika makubwa, uliufanya mgawanyo huo kuwa kanuni. Hatuupingi moja kwa moja. Mtu mmoja hawezi kuzungumza na wateja wa nchi kumi na wakati huo huo kujibu maswali ya timu kila asubuhi. Lakini mara nyingi mmiliki hugeuka karani. Timu ikimuuliza kwa nini kazi hii itangulie, jibu lake ni "nimeambiwa". Hapo mabosi watano wamerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mwenzetu akiitwa kwenye usaili, aulize: nani anaweza kuipangua orodha hii bila kuomba ruhusa?

Kiswahili nacho kinatuongezea mtihani. Mmiliki kwetu ni mwenye hati ya shamba au nyumba, ilhali mmiliki wa bidhaa ni mwajiriwa kama wengine. Katika klabu palipendekezwa "mwenye bidhaa", lakini mwenye jahazi anaweza kukaa nchi kavu akingoja faida; anayeamua tanga litwekwe lini ni nahodha. "Nahodha wa bidhaa" kuna waliolicheka, kuna waliolipenda. Hapa tumebaki na mmiliki, hadi walimu wetu watupatie bora zaidi.