Nyumba ya Ocha Imepasuka? Soma Ufa Kwanza Kabla Hujatuma Doo Karungu

Uko zako Umoja ama Pipeline, mwezi uko kona, halafu simu inaingia. Ni mathe, kutoka Karungu. Salamu leo ni ndefu kuliko kawaida, kwa hivyo unajua kuna kitu. Mwishowe anafika: "Nyathina, ukuta umepasuka tena."

Unatuma elfu tano. Fundi anaziba, anapiga rangi, picha inaletwa WhatsApp ikiwa safi kabisa. Mvua ya Aprili ikikuja, ufa uko palepale, na safari hii umeleta rafiki. Umelipia kitu kimoja mara mbili, na mwaka ujao utalipia mara ya tatu.

Hii kitu si uchawi, na mara nyingi hata si ujanja wa fundi. Ufa ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe, kwa nyumba nyingi za pande hizo, ni maji yanayoingia mahali hayafai kuingia. Fundi akiziba ufa bila kugusa maji, ni kama kupaka mtu poda akiwa na malaria.

Anza na udongo, si na ukuta

Kama umewahi kutembea Karungu wakati wa mvua, unajua ule udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu mpaka unatembea kama umevaa matofali. Uko sana kwa tambarare, kuanzia karibu na Sori kushuka pande za Kadem. Kiangazi unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono kwa nyufa zake. Mvua ikinyesha, unavimba na zile nyufa zinajifunga.

Sasa weka nyumba juu ya kitu kama hiyo. Upande mmoja wa nyumba maji ya paa yanamwagika chini, udongo unavimba na kuinua ukuta. Upande ule mwingine ni mkavu, udongo umenywea, ukuta unashuka. Tofali haijui kukunjika, kwa hivyo inapasuka. Ndio maana utaona jirani aliyejenga kwenye mwinuko wenye mawe na maramu anakaa miaka bila stori, na nyumba yako ya pesa nyingi inalia kila msimu.

(Kama unadhani udongo wa huko ni mambo ya juzi, mwaka wa 1911 mtaalamu wa miamba, Felix Oswald, alienda Karungu kuchimba mifupa ya wanyama wa mamilioni ya miaka iliyopita, na akaipata katikati ya matabaka ya udongo wa mfinyanzi. Huo udongo ulikuwa hapo kitambo kabla ya babu ya babu yako.)

Jinsi ya kusoma ufa

Mwambie mtu aliye nyumbani apige picha, lakini si ile ya mbali yenye inaonyesha nyumba nzima na kuku. Apige karibu, na aweke sarafu kando ya ufa ndio uone upana. Halafu angalia umbo lake.

Nyufa nyembamba kama nywele, zimetapakaa kwa plasta kama ramani, hazina noma. Plasta ilikauka haraka juu hakuna mtu aliyeimwagia maji. Hizo unaweza kuziba na kupaka rangi bila stress.

Ufa unaoanza kwa kona ya dirisha ama mlango na kupanda mshazari, ama unaofuata mistari ya matofali kama ngazi, huo ndio unaotoka chini. Msingi umesonga. Ukiona uko mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi ni kona ya nyumba inashuka na kuinama kwenda nje.

Ufa wa kulala, unaopita chini kidogo ya paa, unaweza kuwa wa upepo. Paa linavutwa juu na halijafungwa vizuri kwa ukuta. Hiyo tutaifikia.

Kitu ya maana kuliko yote ni kujua kama ufa bado unatembea. Chukua penseli, chora mstari unaokatiza ufa, andika tarehe hapo kwa ukuta, na upime upana kwa rula. Rudia kila mwisho wa mwezi. Ukiona kiangazi unafunguka na mvua unajifunga, ama kinyume, hiyo ni nyumba inapumua na udongo. Ukiona unaenda tu, haurudi, hiyo ni story kubwa. Kama uko chini ya milimita 5 na umetulia, fundi wa kawaida anatosha. Ukifika milimita 15 ama zaidi, ama milango imeanza kukwama, ama ukuta umeinama ukiweka timazi, toa kitanda cha mathe kando ya huo ukuta leo. Si wikendi. Halafu tafuta mhandisi, si binamu yako mwenye mwiko.

Maji kwanza, na hii ndio sehemu ya bei nafuu

Watu wengi wanaruka hapa juu haionekani kwa picha. Hakuna mtu anapost gata mpya. Lakini hesabu kidogo: milimita 1 ya mvua kwa mita mraba 1 ya paa ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita mraba 48, hata kabla ya kuhesabu sehemu inayotokeza nje. Mvua ya milimita 10 tu, ile ya nusu saa, inamwaga lita 480. Bila gata, karibu zote zinaanguka pembeni mwa msingi wako. Hayo ni kama madebe 24, kila mvua.

Kwa hivyo weka gata pande zote mbili, zinazoteremka kidogo kuelekea tangi. Hapo umeua ndege wawili, juu maji safi kule ni shida na ziwa lina kichocho. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie imwagike, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi nalo liwe na bomba la kupeleka maji ya ziada mbali. Nimeona tangi zinafurika papo hapo kwa kona ya nyumba, na kona ndiyo ya kwanza kupasuka. Umehamisha tu shida.

Baada ya gata, zunguka nyumba na ukanda wa mita 1. Toa udongo mweusi wa juu, weka maramu, shindilia vizuri, halafu konkriti nyembamba juu yake, ikiteremka kama sentimita 5 kutoka ukutani kwenda nje. Mbele yake mtaro wa kupeleka maji chini ya boma. Kama doo ni kidogo, maramu iliyoshindiliwa pekee yake ni afadhali kuliko udongo mtupu. Maua ya mathe yaliyopandwa chini ya dirisha, ongea naye kwa heshima yahamishwe, juu kila jioni anayamwagilia na kulainisha msingi. Miti ya blugam nayo inakunywa maji vibaya sana. Iwe mbali na nyumba angalau kama urefu wake wenyewe.

Fanya hivyo, subiri msimu mmoja wa mvua, na uangalie ile mistari ya penseli. Ufa ukitulia, sasa ziba. Fundi aufungue kwanza kwa patasi uwe na umbo la V, apige brashi vumbi litoke, alowanishe, halafu ajaze. Juu yake abandike waya wa kuku, upana wa sentimita 15 kila upande wa ufa, ndio apige plasta. Kupaka simiti juu ya ufa mkavu wenye vumbi ni kujidanganya.

Na kama nyumba iko chini kabisa karibu na maji, kuwa mkweli na wewe mwenyewe. Mei 2020 ziwa lilifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na 2024 likapanda tena. Hapo hakuna plasta itakusaidia. Pesa ya ukarabati iweke pamoja upandishe nyumba nyingine juu.

Nyumba ya matope iliyovaa simiti

Nyingi za huko ziko hivi: fito na matope ndani, simiti nje. Simba yako ya zamani pengine ni hivyo. Ni nyumba poa, na joto la Karungu ikilinganishwa na mabati matupu, mathe atakwambia ni afadhali mara kumi. Shida ni kwamba matope yananywea na simiti hainywei, kwa hivyo baada ya muda plasta inaachana na ukuta. Gonga na knuko za vidole. Ukisikia sauti ya debe tupu, hiyo sehemu imeachana, na kuipaka rangi ni hasara. Ibomoe, pigilia waya wa kuku kwa fito, ndio upige plasta mpya.

Ukiwa umeifungua, angalia mchwa. Wanaacha vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kama mishipa. Kuvunja hivyo vijia pekee haitoshi. Nguzo iliyoliwa ibadilishwe, na chini kuwe na msingi wa mawe ndio mbao isiguse udongo. Watu humwaga oil chafu ya gari kwa nguzo. Inasaidia kiasi, lakini kama kuna kisima ama bustani ya sukuma karibu, usijaribu.

Paa na upepo wa ziwa

Mvua ya huko haiji pole pole. Inakuja na upepo, na paa ndilo linalopigwa. Ukinunua mabati kumbuka namba inaenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambapo maji yanapita. Mbao mbichi ikikauka inaachilia misumari, ndio maana paa la miaka mitatu linaanza kupiga kelele usiku. Dawa si kupiga msumari uleule tena kwa shimo lilelile. Toa, weka skrubu ndefu yenye mpira, na shimo lililobaki zibwe.

Kutafuta mahali panavuja, ingia ndani saa sita jua likiwa kali na ufunge madirisha. Mwanga utakuonyesha. Lakini jua maji huteleza kwa mbao kabla ya kudondoka, kwa hivyo tundu mara nyingi liko juu zaidi ya doa.

Muhimu zaidi ni kama paa limefungwa kwa ukuta. Mbao za paa zishikwe na ukanda wa chuma unaoshuka ndani ya ukuta, si misumari miwili tu. Na mtu asipande juu kukiwa na mawingu. Migori na Homa Bay ni kati ya sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi.

Mchanga, simiti, na yule fundi

Mchanga mchafu unaharibu kazi nzuri. Kuna test ya bure: jaza chupa ya plastiki nusu na mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha masaa matatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Kama mchanga ni sentimita 5, tope lisizidi milimita 4. Likizidi, uoshwe ama urudishwe.

Kwa plasta, karai 1 ya simiti kwa karai 4 za mchanga. Fundi anayepima na sepetu anakadiria tu, na anakadiria kwa faida yake. Simiti ya 32.5 inatosha plasta; 42.5 iwekee msingi na nguzo. Mchanganyiko ulioanza kukauka usirudishiwe maji. Kazi ikiisha, ukuta umwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Hapa mathe ama mdogo wako ndiye msimamizi, na mlipe kitu kidogo, usimfanyie ile ya "si uko tu nyumbani".

Pesa usitume zote mara moja. Vifaa lipa mwenye duka moja kwa moja kwa M-Pesa, na risiti ipigwe picha. Ya mkono igawe mara tatu: kuanza, katikati, na ya mwisho itoke baada ya mvua moja kubwa kunyesha juu ya hiyo kazi. Fundi anayejiamini hatakataa. Stima iwe ya mtu mwenye leseni ya EPRA, hapo hakuna mjadala.

Kuhusu wakati, udongo na paa fanya Januari na Februari kukiwa kukavu. Lakini ukirudi Nairobi baada ya Krisi, kabla hujapanda gari, chora kwanza ile mistari ya penseli na umwonyeshe mathe jinsi ya kushika rula. Kabla ya kubomoa chochote kwa boma, kaa chini na wazee pia, juu kuna mpangilio wa nani ajenge ama akarabati kabla ya nani, na ukiuruka, kazi inaweza kusimamishwa ikiwa katikati na simiti imeshafunguliwa.